Mshike Mbwa Wako, Nna Udhu

Nina mbwa watatu shambani Tunguu, Unguja, na maneno niliyoyasikia kuliko yote tangu nianze kuwafuga ni hayo ya juu. Anayasema mzee wa jirani akipita na kanzu yake kwenda msikitini, anayasema bibi aliyejitwika ukindu, wanayasema watoto wa madrasa hali wameshahamia upande wa pili wa njia. Hawasemi kwa chuki. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa mwili au nguo, panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu amebakisha dakika kumi kuiwahi sala ya jamaa, mbwa wako anamlamba goti. Kwa hiyo adabu ya kwanza ya mbwa wa hapa si kutoa mkono wala kuokota mpira. Ni kukaa mbali na mtu ambaye hakumwita.

Nitakwenda kwa malalamiko, moja baada ya jengine, kama ninavyoletewa. Kila moja nalipima kwa suala lile lile: mbwa analipwa nini kwa kufanya hivyo, na nani anamlipa? Mbwa hamkomoi mtu. Anarudia kilichomfaa jana. Mara nyingi mlipaji ni mwenye mbwa mwenyewe, na hajijui.

Na lile la kwamba mbwa mkaidi anataka kuwa bwana wa nyumba, kwa hiyo alazwe chali akandamizwe mpaka anyenyekee, liacheni. Lilitokana na kuwaangalia mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja bila kujuana. David Mech, Mmarekani aliyewafuatilia wanyama hao miaka mingi na ambaye mwenyewe alichangia kulieneza wazo hilo, aliandika mwaka 1999 kuwa kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna ufalme wa kupigania. Ukimlaza mbwa chali, unachomfundisha ni kuuogopa mkono wako.

Kabla ya yote: amebadilika ghafla?

Mbwa mpole wa miaka minne leo kamtolea mtoto meno. Usikimbilie mafunzo, tafuta maumivu. Sikio lenye usaha, jino bovu, kupe waliojazana baina ya vidole, nyonga zilizochakaa kwa uzee. Nilikuwa na mbwa jike aliyeanza kunguruma kila akiguswa kichwa. Nilimkaripia wiki nzima. Wiki ya pili ndipo nilipolifunua sikio nikakuta kupe wameshikana ndani kama mbegu za papai. Walipotolewa na sikio kutiwa dawa, kunguruma kukaisha, na mimi nikabaki na aibu yangu.

Lakini kuna badiliko ambalo si la kuchunguza kwa mikono. Mbwa anatokwa na udenda mwingi, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, anauma vijiti na mawe, au kinyume chake amekuwa mnyonge asiyejijua na miguu ya nyuma inalegea. Hapo fikiria kichaa cha mbwa. Usimguse, usimtibu, funga geti, watoe watoto, arifu ofisi ya mifugo na sheha, kiongozi wa mtaa wako. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Asisubiri kuona, maana dalili zikishamtokea binadamu, ni kama hakuna anayepona. Mbwa aliyemng'ata mtu lakini anaonekana mzima afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Wenzetu wa Pemba wanalijua hili. Ugonjwa ulimalizwa kisiwani mwezi wa Mei 2014 kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka. Chanjo ikalegea, mwishoni mwa 2016 ukaingizwa tena mara mbili, na haukuondoka hadi Oktoba 2018 baada ya uchanjaji kurudishwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu. Mbwa asiyechanjwa sina ushauri wa adabu wa kumpa mwenyewe, aanze huko.

Anarukia na kulamba watu

Chanzo chake ni cha zamani. Alipokuwa na wiki nane alipendeza, akisimama kwa miguu ya nyuma anabebwa. Miezi minane baadaye ana kilo ishirini na anafanya lile lile, ila sasa anapigwa goti la kifua na kupigiwa ukelele. Kwake yeye goti ni mguso, ukelele ni mazungumzo, na kusukumwa kwa mikono miwili ndio mchezo wenyewe. Anapokea malipo matatu na wewe unadhani unamwadhibu.

Malipo yahamie chini. Miguu yote minne ikiwa ardhini, hapo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, apate tonge. Mimi huliangusha baina ya miguu yake ya mbele, silitii mdomoni. Nina sababu mbili: macho yake yanabaki chini, na mkono wangu haupati mate. Akiruka, mpe mgongo, mikono kifuani, kimya. Akitua, tonge. Ukishaona anatua mwenyewe, ngoja akae kitako ndipo ulipe, na baada ya siku chache kukaa kitako ndiko kutakuwa salamu yake.

Siku ya tatu au ya nne atazidi. Ataruka juu zaidi na kubweka usoni. Watu wengi huacha hapo, wakisema dawa imemharibu. Ni kama mteja aliyezoea kukopeshwa dukani: siku ya kwanza ukimnyima anapandisha sauti kabla ya kwenda zake. Ukimkopesha siku hiyo kwa kuona haya, umemjulisha kuwa kelele ndiyo bei. Na nyumba yenye watu sita, watano wakigeuka na mmoja akimchezea, haiendi popote. Malipo ya mara moja moja yanamfanya mbwa ang'ang'anie kuliko malipo ya kila siku.

Sasa, dawa hii kama inavyoelezwa kwengine inataka mgeni ashiriki, na hapa ndipo inapotukwama. Huwezi kumwambia mzee wa kanzu nyeupe, Ijumaa saa sita na nusu, asimame akupe mgongo ili mbwa wako asome. Mgeni si kifaa cha kufundishia. Tumia watu wa nyumbani. Mfunge mbwa kwenye shina la mwembe kwa kamba ya mita mbili, mtu amwendee taratibu. Akiruka, mtu arudi nyuma hatua tatu. Akikaa, mtu amsogelee na kumwangushia tonge. Hata akiruka, hamfikii mtu, kwa hiyo hapati kitu.

Nikafika mahali mbwa wangu dume alikuwa mtulivu kwa kila aliyevaa suruali na mwendawazimu kwa kila aliyevaa kanzu au kanga. Pindo linalopepea kwake ni mwaliko. Nikaitafuta kanzu kuukuu nikaivaa mwenyewe, nikawa napita mbele yake jioni hadi jioni, mke wangu akinicheka barazani. Siku kumi ilichukua. Ya kumi na moja mzee akapita na yake, mbwa akakaa chini chini ya mwembe wake, masikio tu yanamfuata.

"Leo kafungwa?" mzee akauliza.

"Shikamoo mzee. Hajafungwa."

"Marahaba." Akatazama kidogo. "Mfunge tu, mwanangu."

Na bado namfunga nyakati za sala. Mafunzo ni ya mbwa, kamba ni haki ya jirani.

Anafukuza vespa na baiskeli

Hapa mlipaji si wewe, ni barabara. Mbwa anaikimbiza vespa, vespa inakwenda zake. Ingekwenda zake hata angekuwa amelala, lakini yeye hajui hilo. Kwake kila jioni ameifukuza, na kila jioni imekimbia. Hakuna tonge linaloshinda ushindi wa namna hiyo, kwa hiyo usianze na tonge. Anza kwa kuifuta barabara machoni pake. Senyenge inamzuia mbwa lakini inamwonyesha kila kinachopita, anakwenda na kurudi pembeni yake mpaka anachimba mfereji. Ua wa makuti uliobana unafanya kazi nzuri zaidi kwa bei ndogo, kwa sababu hauonyeshi nje.

Akishakosa ushindi wa kila siku, ndipo ufundishe. Nilikaa kwenye gogo la mnazi hatua arobaini kutoka barabarani, kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanaporudi kutoka mjini, mbwa kwenye kamba, mfukoni maini ya kuchemsha niliyokata ukubwa wa mbaazi. Vespa ikisikika, maini yanaanza kuanguka. Ikipotea, maini yanakoma. Simwiti, simkatazi, simwambii akae. Nataka mlio huo uwe habari ya maini.

Cha kuangalia ni mdomo na masikio. Mbwa aliyetulia mdomo uko wazi, ulimi nje, anahema. Akiufunga ghafla na masikio yakaenda mbele, mmekaribia mno. Rudini nyuma hatua kumi. Ukingoja mpaka avute kamba umeshachelewa, maini atayapita kama hayaoni. Wiki ya tatu vespa ililia mbali, na yeye badala ya kutazama barabara akageuka kunitazama mimi, kama anayeuliza "hujasikia?" Siku hiyo tukasogea hatua tano.

Anayempiga jiwe mbwa anayefukuza vespa, mara nyingi anaongeza jambo jipya: sasa vespa ikija na maumivu yanakuja. Mbwa aliyekuwa akifukuza kwa raha anaanza kufukuza kwa hofu, na wa hofu ndiye anayeuma kisigino.

Kuku wa jirani

Lipa kwanza. Kuku wa mtu akiuliwa, nenda na pesa jioni hiyo hiyo kabla hujaitwa kwa sheha, na usibishane bei ya tetea aliyekuwa anakaribia kutaga.

Kuhusu mbwa: kuku anayekimbia na kupiga kelele ni malipo kamili, hata asipoliwa. Niliwahi kushauriwa nimfunge mbwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze. Harufu yake niliipata mimi na jirani, mbwa hakupata somo lolote. Mbwa anaunganisha jambo na kinachotokea sekunde hiyo, si na kosa la asubuhi. Kumbwaga chini na kumpiga kwa kuku aliyekufa saa mbili baadaye ni hivyo hivyo. Anajifunza kuwa ukirudi nyumbani na kuku mkononi, wewe ni wa kukimbiwa.

Dawa ya kweli ni ya mapema. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne, mtoto wa mbwa anazoea dunia kwa urahisi usiorudi tena. Mlishe karibu na kuku akiwa kwenye kamba, umri huo, kila siku. Waonyeshe pia watoto wa skuli, punda wa gari, mbuzi, mtu mwenye mwavuli, ngoma ya harusi kwa mbali. Mbwa mkubwa aliyeshaua kuku watatu wanne, mimi simwamini tena peke yake na kuku, afunzwe asifunzwe. Kuku wakitoka, yeye ndani.

Haji akiitwa

Aliyekaa chuoni, yaani madrasa, analijua somo la mbwa aliyefunzwa, kwenye mlango wa kitabu unaohusu kuwinda: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, akikamata hali windo, na hayo yawe yamejirudia mara kwa mara. Watu wanayakumbuka masharti matatu na kulisahau la nne. Mbwa aliyekuja mara moja uani hajajifunza kuja. Amejifunza kuja uani, jioni, akiwa na njaa, hakuna mbwa jike karibu. Njiani ni somo jipya, ufukweni jengine.

Chanzo cha pili, na ndicho ninachokikuta zaidi: hesabu jana ulimwita mara ngapi, na mara ngapi mwisho wake ulikuwa mnyororo, maji ya dawa ya kupe, au karipio. Kama ni zote, basi jina lake limekuwa jina la jambo baya. Chukua neno jipya, mathalani "Hapa!", ulitumie kwa neema tu. Mwite, mpe kipande cha mkate wa boflo kilichochovywa mchuzi, mwachie aende. Mara tisa kati ya kumi aachiwe aende. Ukitaka kumfunga, mfuate mwenyewe alipo.

Nje ya ua tumia kamba ndefu ya mita kumi, inayoburuta nyuma yake, uikanyage akipuuza. Ya usumba inachubua viganja. Wavuvi wana kamba nzuri zaidi. Na usiite mara tano. Ukiita mara tano, anajua nne za mwanzo ni za bure.

Anabweka usiku kucha

Tenganisha. Kubweka mara tatu nne kisha kimya ni kazi yake, ndiyo sababu uko naye. Kubweka bila kukoma kuna moja ya haya: komba kwenye mnazi, popo kwenye mwembe msimu wa maembe, mbwa jike wa mtaa wa pili aliye kwenye joto, au mchana mtupu wa mnyororo.

La mwisho ndilo kubwa. Mbwa aliyefungwa mita moja na nusu tangu alfajiri amelala siku nzima kwa kukosa la kufanya, na usiku una nguvu zake zote. Mtembeze nusu saa kabla ya Magharibi, mwache anuse kila kichaka anachotaka. Kunusa nako kunamchosha. Tawanya chakula chake kwenye majani akitafute badala ya kukimwaga kwenye bakuli.

Kumfokea dirishani hakusaidii: anasikia na wewe unabweka, basi ni kweli kuna jambo. Kumrushia mkate anyamaze ni mshahara wa wazi. Toka, angalia anachokionyesha, mwambie neno moja la kumalizia, ngoja anyamaze hata kwa pumzi mbili, ndipo mpe kitu. Wiki moja ya usingizi mbovu, basi.

Kuhusu kulia wakati wa adhana, hilo lisikutie wasiwasi. Haoni shetani wala sauti haimuumizi. Sauti ndefu inayopanda na kushuka inamwita aitike, kama anavyoitikia king'ora. Lakini jirani hapendezwi, na ana haki. Nyakati zinajulikana, kwa hiyo dakika tano kabla, mpe mfupa mkubwa bandani.

Ananguruma penye bakuli

Usimpige kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyekatazwa kuonya anauma bila onyo. Chanzo ni kuwa kila mkono ulioifikia bakuli yake uliondoka na kitu. Geuza. Pita mbali kidogo wakati anakula, dondosha kipande cha nyama kizuri kuliko alichonacho, endelea na safari. Kila siku, hatua moja karibu zaidi, maadamu mwili wake umelegea. Akikakamaa, rudi nyuma. Watoto wasihusishwe kabisa. Mbwa ale kwenye banda lililofungwa. Na kama ameshauma mtu, acha kusoma maandishi kama haya, mtafute daktari wa mifugo.

Anazurura ufukweni

Paje, Jambiani, Nungwi, kisa ni kimoja. Mgeni anampa mbwa chipsi, kesho mbwa anamngoja, keshokutwa anamfuata kila aliyeshika sahani. Masika yakiingia wageni wanapungua, chipsi zinakwisha, na mbwa wale wale wanaonekana vijijini kwenye dagaa walioanikwa na majaa. Wanawake wa mwani wanawakuta njiani alfajiri maji yakitoka. Mwenye hoteli anayewalisha Disemba awalishe na Aprili, awachanje, dume amhasi na jike amfungishe kizazi, la sivyo asianze.

Anatafuna viatu

Kama yuko baina ya miezi mitatu na saba, meno yanaota. Mpe mfupa mbichi au kumbi la nazi, na viatu uviweke juu. Kama ana miaka mitatu, amechoka kukaa. Rudi kwenye habari ya matembezi. Makubadhi yangu mawili yalikwenda hivyo, yote ya mguu wa kulia. Siku hizi yanalala juu ya kabati.